Upepo wa Mgongo, Kwenda na Kurudi

"Afande, mimi si mwendawazimu. Nimeongea na mke wangu leo asubuhi."

Fundi cherehani alikuwa amemkamata Inspekta mkono wa shati na hakuwa na dalili ya kuuachia. Tepu ya kupimia nguo ilikuwa bado inaning'inia shingoni mwake, maana jana alitoka mbio dukani habari zilipotangazwa na tangu hapo hakurudi nyumbani. Ukumbi wa abiria wa kiwanja kile kidogo ulikuwa umejaa ndugu za waliokuwa ndani ya ndege. Wengine walilala sakafuni juu ya mashuka, wengine walikodolea macho ubao wa safari, na ubao ulikuwa bado unasema kwamba ndege inachelewa. Inachelewa! Watu wazima wanalipwa mishahara pale, na hakuna hata mmoja aliyepata akili ya kuuzima.

Ndege ilipotea jana mchana, mvua ikimwagika na mlima wote ukiwa umefunikwa na wingu. Ilikuwa ikitoka mji mkubwa, upande wa pili wa mlima. Tangu jioni askari walikuwa wakikwea miteremko ya mashariki, ile inayotazama ziwa, na hawakuwa wameona hata msumari. Inspekta alikuwa ametumwa kuandika maelezo ya ndugu, basi, asijitie kwenye mengine. Lakini kazini watu walimwita Kupe, kwa kuwa akimganda mtu habanduki, na mtu wa namna hiyo humtumi kuandika maelezo ukategemea ataishia hapo.

"Kaa hapa, kaka. Nieleze taratibu. Simu iliingia saa ngapi?"

"Alfajiri. Naona jina lake kwenye simu nikadhani naota. Kupokea tu, ananiita Baba Pacha, kama anavyoniita siku zote."

"Aliomba hela?"

"Hela? Mtu yuko kwenye baridi, hela za kununulia nini?"

Kupe hakuuliza ovyo. Asubuhi ile matapeli walikuwa wamezipigia simu familia kadhaa, wakijifanya wameokota majeruhi, wakitaka watumiwe nauli ya kuwaleta. Kuna binadamu ambao hata shetani akiwaona anawapisha njia. Kwa sababu ya hao, simu ya fundi nayo ilitupwa kapu moja. Meneja wa kampuni ya ndege alimwambia mbele za watu kwamba mkewe labda alidondosha simu kabla ya kupanda, ikaokotwa na wahuni, na kwamba mtu aliyefiwa husikia sauti anayoitaka.

"Alisema nini? Neno kwa neno."

"Alisema, 'Baba Pacha, tumegonga mlima lakini tuko hai, watu kadhaa. Baridi ni kali. Mguu wangu umevunjika. Waambie waje haraka.' Halafu..." Fundi akameza mate. "Halafu simu ikakatika."

"Halafu nini?"

"Ikakatika, afande. Chaji iliisha."

"Umesema halafu, ukanyamaza, ukasema halafu tena."

Fundi aliinamisha kichwa akaanza kuikunja tepu yake kidoleni. Upande wa pili wa ukumbi mama mkwe wake na shemeji zake walikuwa wakiwatazama. Alisema hakuna kingine, kwa sauti ya mtu ambaye kingine kimemkwama kooni. Kupe alimwacha kwa muda huo.

Meja aliyesimamia msako alikuwa kwenye hema kando ya njia ya kurukia, meza yake imefunikwa na ramani na vikombe vya chai. Hakuwa amelala, na hakutaka kuhubiriwa.

"Najua ulichokuja nacho," alisema kabla Kupe hajafungua mdomo. "Simu ya fundi. Kampuni ya simu inataka amri ya mahakama ndipo iseme ilipigwa kutoka wapi, na leo ni Jumapili. Hakimu hapatikani. Nimemtafuta."

"Upande wa ziwani kuna mtandao?"

"Miteremkoni hakuna hata chembe, mpaka ushuke ufukweni. Vijana wangu wanatumia redio."

"Basi yule mama alipiga kwa kutumia nini, pembe la ng'ombe?"

"Ndiyo maana nasema ni tapeli. Tapeli yuko mjini, mtandao anao."

"Au mama ni wa kweli, na ndege haiko ziwani."

Meja aliweka kalamu chini. "Sikiliza, Inspekta. Rubani mwenyewe alisema redioni kwamba yuko juu ya ziwa. Mlinzi wa shule kule chini ufukweni alisikia mngurumo. Nina helikopta moja. Watu wa hali ya hewa wameniambia wingu litafunguka alasiri, kidogo tu, kisha linafunga tena mpaka kesho. Usiku wa pili kule juu hakuna atakayeuvuka. Nikiirusha upande mwingine, na ndege ikawa huku, nitakuwa nimeua watu."

"Na ikiwa iko kule, na wewe unaitafuta huku?"

"Nitakuwa nimewaua vilevile." Sauti yake ilikwaruza. "Unadhani silijui hilo? Nipe kitu cha kushika. Kimoja tu, nitageuza helikopta sasa hivi."

Kupe aliomba namba ya mlinzi wa shule akampigia palepale, spika ikiwa wazi. Mlinzi alikuwa mchangamfu kupita kiasi, mtu aliyefurahi kwamba hatimaye serikali inahitaji masikio yake.

"Ulikuwa mngurumo mkubwa, afande! Grrrr! Ukaja, ukaja, ukaendelea mpaka giza likaingia."

"Ndege ilinguruma mpaka giza?"

"Ndiyo, mkubwa. Na leo asubuhi umeanza tena."

"Mzee wangu, hapo karibu yenu kuna nini?"

"Hapa? Kuna shule, kuna kanisa, kuna wale Wachina wa kusaga kokoto."

Kupe alimtazama Meja. Meja alifumba macho akatukana taratibu, tusi refu, akitafuna kila neno. Lakini kusaga kokoto hakukutosha kugeuza helikopta. Yalibaki maneno ya rubani mwenyewe, na maneno hayo yalipokelewa kwenye mnara.

Ngazi za mnara zilikuwa nyembamba na zilinuka rangi mpya. Dada aliyekuwa zamu jana alikuwa bado yuko kule juu, macho yamevimba. Aliambiwa aende nyumbani akakataa. Mwenzake aliyempokea zamu alisogea pembeni, akaendelea na redio.

"Tuanze na maneno yake ya mwisho, dada."

"Alisema, 'Tuko juu ya ziwa, tuna upepo wa mgongo, tutawahi.' Nikamwambia huku mvua imezidi. Akasema ameelewa. Basi. Nilimwita, nikamwita, mpaka wakaninyang'anya kipaza sauti."

"Ulikuwa unamwona kwenye chombo chochote?"

"Chombo gani? Hapa hatuna rada, afande. Tuna redio na hili dirisha. Rubani akisema yuko juu ya ziwa, mimi naandika yuko juu ya ziwa. Nitamwamini nani mwingine?"

"Upepo wa mgongo ndio nini?"

"Unakusukuma kutoka nyuma, unafika mapema." Kicheko kidogo kilimponyoka, akakifuta usoni kwa kiganja kama mtu aliyejimwagia kitu. "Hawa tunawatania siku zote. Tunasema wamemwoa binti wa upepo. Kampuni nyingine zinapita njia hiyohiyo ya ziwani, zinafika kwa wakati wake, au zinachelewa. Hawa kila siku wana upepo wa mgongo."

Kupe alikuwa amesogea dirishani. Mlima ulikuwa umejificha wote, hata pale unapoanzia hapakuonekana.

"Wakiondoka hapa kurudi mji mkubwa, je?"

"Nako wanawahi. Ukiwauliza wanakwambia upepo wa..." Dada alinyamaza.

Kupe aligeuka kutoka dirishani.

"Wa mgongo," alimaliza polepole.

"Upepo gani huo, dada yangu, unaomsukuma mtu mgongoni akija, na akirudi siku hiyohiyo unamsukuma mgongoni tena?"

Dada alijishika mdomo kwa mikono miwili. Mwenzake aliyekuwa kwenye redio aligeuka na kiti chake chote.

"Mungu wangu. Na mimi nilikuwa nacheka. Kila siku nacheka nao."

"Hawapiti ziwani."

"Lakini wanasema wako ziwani!"

"Wanasema. Kuna njia ya mkato, na wameipita muda mrefu, na kila wakiipita wanakudanganya. Inapita wapi?"

Dada alitikisa kichwa mpaka machozi yakaruka. Hakujua. Hakuwahi kuruka upande ule. Mlima una mabonde chungu nzima, alisema, na kwa ndege ndogo kila bonde ni njia ya mtu mwenye kichaa.

Kupe alimpigia Meja akishuka ngazi. Meja alisikiliza, akapumua kwa nguvu, akasema: "Sawa. Nimekubali, hawakuwa ziwani. Sasa nipeleke wapi? Kutafuta bonde moja moja siwezi, mafuta hayatoshi na wingu halitanisubiri. Mlete mtu anayejua, aniwekee kidole juu ya ramani."

Nje mwanga ulikuwa umeanza kubadilika. Kijivu cha juu kilikuwa kinakuwa cheupe. Wingu lilikuwa linajiandaa kufunguka, na Kupe alivuka uwanja akikimbia, mtu mzima na kitambi chake, shati limechomoka.

Ofisi ya kampuni ya ndege ilikuwa nyuma ya chumba cha mizigo. Ukutani kulikuwa na picha ya ndege yao ikitabasamu, maana mchoraji aliiwekea mdomo, na chini yake maandishi: Sisi Huwahi. Meneja alikuwa amevaa tai siku ya Jumapili, tena Jumapili kama ile. Kwenye kiti cha pembeni alikaa rubani mkuu, mzee mwenye mvi zilizokatwa vizuri, ambaye marubani wote walimwita Mwalimu kwa sababu hakuna hata mmoja ambaye hakupita mikononi mwake. Chai aliyowekewa hakuigusa.

"Kampuni yetu inafuata taratibu zote," Meneja alianza. "Maswali mengine mwanasheria wetu..."

"Mwanasheria wenu anajua kurusha ndege?"

"Hapana, lakini..."

"Basi mwache apumzike. Ndege zenu hazipiti ziwani. Zinapita wapi?"

Meneja alicheka kicheko cha kwenye mkutano. "Inspekta, tunaelewa una uchungu, sote tuna uchungu. Rekodi ya redio ipo."

"Kampuni yako ina upepo wa mgongo kwenda na kurudi. Unataka niwaambie wale waliolala ukumbini uongo huo nao umeandikwa kwenye taratibu? Nitawaambia sasa hivi, nikiwa nimesimama juu ya kiti. Kisha sitakuwepo kuwazuia."

Rangi ilimtoka Meneja. Alimtazama Mwalimu, Mwalimu alitazama sakafu. Kupe alikuwa amengojea kuona nani atamtazama nani. Alifungua mlango, akamwonyesha Meneja njia kwa kidevu, na Meneja alitoka na tai yake bila neno jingine.

Kupe alivuta kiti mpaka magoti yao yakakaribia kugusana.

"Mzee wangu, ni wewe unayejua."

Mwalimu hakuinua macho kutoka sakafuni.

"Watu wako hai kule. Mwanamke amempigia mumewe."

"Tapeli." Sauti ilikuwa imekauka. "Kijana wangu, nimeruka tangu hujaoa. Ndege ikiugonga mlima ndani ya wingu, kinachobaki ni vya kuzika. Hakuna mtu hai. Msinilazimishe kuyasema haya."

"Yaseme. Unamlinda nani? Yule Meneja?"

"Yule?" Mzee alitema neno hilo. "Aliyekuwa anairusha ndege ni mdogo wangu. Tumbo moja. Nimemlea mimi, nimemfundisha mimi. Ana watoto, mkubwa wao ndiyo kwanza ameanza sekondari. Unataka waende shule wakiambiwa baba yao ni mwongo, aliua watu? Jana ameruka, jana amekufa. Mwacheni azikwe na jina lake."

"Kwa hiyo kuna uongo."

Mzee aligeuza uso ukutani. Alikuwa amesema mengi kuliko alivyokusudia, na kwa jinsi alivyojikumbatia kifua Kupe alijua kwamba vitisho havitatoa kingine. Polisi angeweza kumfunga pingu, akampiga maswali mpaka kesho, na kesho ndiyo haikuwepo. Mzee alikuwa amemzika mdogo wake kichwani. Ilibidi afukuliwe.

Kupe alirudi ukumbini, akamshika fundi kwapani, akamwinua. Hakumwambia kitu mpaka walipokuwa ndani ya ile ofisi na mlango umefungwa.

"Huyu ni rubani mkuu. Anasema mkeo ni tapeli. Sasa niambie kile ulichonificha."

"Sijaficha kitu."

"Baba Pacha!" Kupe aligonga meza, chai ikamwagika. "Wingu linafunguka nje. Likifunga tena, umeshakuwa mjane wa kiume na wanao hawana mama. Mkeo alisema nini?"

Fundi aliizungusha tepu kiganjani. Alimtazama Mwalimu, akamtazama Kupe, akageukia ukuta, kama mtu anayevua nguo mbele ya daktari.

"Alisema nisikasirike," alianza. "Alisema, 'Baba Pacha, usikasirike. Kuna baba mmoja hapa amenivua viatu, ameiweka miguu yangu ndani ya shati lake, kwapani. Mguu huu kwapa hili, na huu mwingine kwapa lile. Ametupanga wote wawili wawili tufanye hivyo. Bila yeye ningekuwa nimekufa.'" Akaupiga ukuta kiganja. "Ningewaambiaje watu maneno hayo? Mama mkwe yuko pale! Shemeji zangu wako pale! Nyayo za mke wangu kwenye kifua cha mwanamume nisiyemjua, usiku kucha! Nikasema, hili halimsaidii mtu, hili nitakufa nalo. Mungu anisamehe, kuna dakika nilimchukia yule mtu."

Kupe alitaka kumpiga kofi na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Hakupata nafasi ya lolote, kwa sababu Mwalimu alikuwa amesimama. Kiti kilianguka nyuma yake, hakukitazama.

"Na soksi?" Mwalimu aliuliza.

"Soksi gani?"

"Soksi zake mwanamke. Zililowa. Huyo mtu alizifanya nini?"

Fundi alimgeukia taratibu. "Alisema... alisema yule baba amezibana tumboni kwake, chini ya mkanda, zikauke. Mzee, umejuaje? Hilo ndilo sikutaka kulisema kabisa."

Mzee alijishikilia meza.

"Baba yetu alikuwa mpakiaji kwenye ghala la barafu," alisema, na hakuwa anaongea na yeyote kati yao. "Akirudi jioni miguu imekufa ganzi. Mimi mguu mmoja kwapani, mdogo wangu mguu mwingine. Soksi tunazikausha tumboni. Kila jioni, mpaka nikawa na ndevu. Hakuna chuo kinachofundisha hilo. Hakuna mtu mwingine anayelijua." Kisha akapiga ukelele uliomshtua hata Meneja kule nje. "Yuko hai! Mdogo wangu yuko hai!"

"Wapi?" Kupe alimshika mabega. "Wapi, mzee? Sasa!"

Maneno yalitoka kama maji ya bomba lililopasuka. Walipita Mlango wa Jikoni. Ndivyo walivyopaita wao wenyewe, nafasi kati ya kilele kikubwa na kilele kidogo, upande wa magharibi, nyembamba, lakini siku ya jua inapitika. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeigundua. Mafuta yakapungua, Meneja akafurahi, abiria wakasifu. Njia iliyoruhusiwa ni ya ziwani, kwa hiyo redioni wakataja ziwa. Kila rubani mpya alimfundisha mwenyewe: pita huku, sema kule.

"Na wingu likiziba?"

"Unageuka. Nimewafundisha wageuke mapema." Alikuwa analia bila kujifuta. "Angegeukia kushoto. Rubani anakaa kushoto, anageukia anakoona. Kushoto kuna bega la mlima, lina majani marefu na udongo laini. Ukilikwaruza pale unaweza usivunjike wote. Wako pale. Nakwambia wako pale!"

"Ulijua hayo tangu jana, askari wakitafuta ziwani."

"Nilidhani wamekufa! Nilisema maiti haina haraka..."

"Funga mdomo, twende."

Walikimbia watatu, fundi mbele. Kwenye hema Mwalimu hakungoja kuulizwa. Aliisukuma mikono ya Meja pembeni, akaweka kidole juu ya ramani, na kidole hakikuhama. Meja alimtazama Kupe mara moja tu, kisha akaita marubani wa helikopta.

"Na mimi naenda," Mwalimu alisema. "Ile nafasi hawaijui. Bila mimi watakuwa wa pili kuugonga."

Alistahili pingu. Kupe alikuwa nazo kiunoni. Alimshika mzee mkono akamsaidia kupanda.

Wingu lilikuwa limepasuka kweli, na kwa mara ya kwanza tangu jana mlima ulionekana, mweusi na umelowa, una vilele viwili. Ndani ya hema walibaki Meja, Kupe, fundi, na dada wa mnara aliyekuwa ameshuka bila kuitwa. Redio ilikuwa mezani. Fundi alikuwa ameivua tepu shingoni, anaivuta kwa mikono miwili kama anataka kuikata. Dada alikuwa anasali, midomo tu ndiyo ilikuwa inakwenda. Mara mbili redio ilikoroma, na mara mbili wote walisimama, na haikuwa kitu.

Kisha sauti ya rubani wa helikopta: "Tumezunguka nyuma, tumeingia kati ya vilele kama alivyoingia yeye. Upepo mkali. Mzee anasema kushoto... kushoto zaidi..." Ukimya. "Bawa! Naona bawa! Naona watu. Narudia, naona watu, wanapunga nguo!"

Dada alipiga yowe. Fundi alikuwa ameshapiga magoti.

"Muulizeni Mama Pacha! Mguu umevunjika! Muulizeni!"

Meja aliuliza. Walisubiri helikopta ishuke na askari wateremke, kusubiri kunakomzeesha mtu. Fundi hakuinuka pale chini. Hatimaye redio ilisema, na safari hii rubani alikuwa anajaribu kuficha furaha na inamshinda: "Yupo. Mwambieni mumewe yupo. Anauliza nani amewapikia watoto."

Fundi alilala kifudifudi kwenye vumbi la hema akalia kwa sauti, akicheka humohumo, akisema hajawapikia, wako kwa jirani, hajawapikia jamani. Meja aligeuka akafuta macho kwa ramani. Nje mtu alikuwa ameshasikia, na ukumbini vigelegele vilianza, vikachanganyika na sauti za wale ambao walikuwa hawajaambiwa kama vinawahusu.

Kupe alichukua kipaza sauti. "Na kapteni?"

Aliyejibu hakuwa rubani wa helikopta.

"Inspekta." Ilikuwa sauti ya Mwalimu, ya chini sana, injini nyuma yake. "Wanasema alivuja damu kwa ndani. Hakuwaambia. Wanasema mpaka mchana huu alikuwa anaongea nao, anawachekesha."

"Pole, mzee wangu."

"Hujanisikia. Jana usiku walipokuwa wanakata tamaa aliwaambia wasiogope. Aliwaambia, 'Kaka yangu anajua tulipo. Usiku huu atakuwa ameshawaambia.'"

Dada wa mnara alikuwa amejifunika uso.

"Nimemshika hapa," Mwalimu alisema. "Inspekta, mwili wake bado una joto."